Mafunzo ya mawasiliano kanisani: anzeni na mlinzi na katibu muhtasi, kamera baadaye

Bwana Yesu asifiwe, na kwa wenzangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Hii naiandika kwa wale ambao mchungaji au paroko amewaambia "tuandalie kasemina ka mawasiliano kwa watumishi na wanaojitolea" na sasa wamekaa wanawaza waanzie wapi. Nitaongea zaidi kwa mazingira yetu ya Tanzania ila walioko Kenya nao watajikuta humu humu.

Kanisani ukitaja mawasiliano tu watu wanasikia media timu, yani vijana wa kamera, miksa, laivu ya YouTube, basi. Hela yote inaenda huko. Wakati mtu akija kanisani siku ya kazi, anayeongea naye kwanza ni mlinzi wa geti, halafu katibu muhtasi pale ofisini, Jumapili anakutana na mzee wa kanisa wa zamu mlangoni, nyumbani anapata taarifa kutoka kwa kiongozi wa jumuiya, na mtoto wake yuko na mwalimu wa Sunday school. Hao ndo wanawasiliana kwa niaba ya kanisa kila siku na hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaelekeza. Kwa hiyo kwenye semina ya kwanza waiteni hao. Vijana wa media waje wawili watatu tu, wasije wakageuza siku nzima kuwa mjadala wa lensi.

Watu kumi na tano hivi wanatosha, wakizidi ishirini inakuwa kongamano na hakuna atakayefanya mazoezi. Pangeni Jumamosi moja kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana, lakini kabla ya kutangaza tarehe muulizeni katibu kama hakuna harusi siku hiyo, manake mkipanga siku ya harusi nusu ya watu wenu wako kwenye kamati na nusu nyingine wako kwaya. Chai na maandazi iwepo, na wanaotoka mitaa au vigango vya mbali mrudishieni nauli yao palepale, msiwaambie "tutaangalia". Wakatoliki mna nafasi nzuri kwenye Siku ya Upashanaji Habari Duniani, ile inayoadhimishwa Jumapili kabla ya Pentekoste tangu mwaka 1967, mnaweza kufanya semina Jumamosi yake na kesho yake watu wakaonyesha walichojifunza.

Kusanya vitu vyenu wenyewe kwanza

Usiingie intaneti kutafuta "nadharia ya mawasiliano" yenye mishale ya mtumaji na mpokeaji, watu watasinzia. Wiki mbili kabla ya semina omba makaratasi ya matangazo ya Jumapili nne zilizopita, piga picha mbao za matangazo zilivyo (mara nyingi utakuta tangazo la Pasaka bado lipo na sisi tuko Oktoba), chukua skrini shoti za grupu la WhatsApp la kanisa, na upige simu ofisini kama muumini wa kawaida usikie unavyojibiwa.

Halafu fanya hiki, hakigharimu hata mia. Jumapili watu wakitoka ibadani simama pale wanaponunulia machungwa na karanga, uliza watu kumi tu: matangazo ya leo umekumbuka lipi, na ni lini, na wapi? Andika majibu yao bila majina. Utakayoyapata hapo yasomwe mwanzo wa semina kabla hata ya chai. Wengi watakumbuka harusi, na kama kuna mtu alichekesha watakumbuka hicho kichekesho, ile semina ya akina mama iliyosomwa kwa dakika tatu nzima hakuna anayejua iko ukumbi gani. Ukisoma hayo majibu hakuna atakayekuuliza kwa nini tumeitwa.

Kuandika tangazo

Hapa kaeni muda mrefu, lisaa lizima ikibidi. Chukua tangazo halisi, mfano la aina hii ambayo wote tunaijua:

"Uongozi wa umoja wa wanawake unapenda kuwatangazia akina mama wote na wote wenye mapenzi mema ya kuwa kutakuwa na semina itakayofanyika Jumamosi ya wiki ijayo katika ukumbi wetu kuanzia asubuhi bila kukosa, mnakaribishwa wote na Mungu awabariki."

Waulize: asubuhi saa ngapi? Ukumbi wetu upi, wa juu au ule wa nyuma? Wiki ijayo kuhesabia kutoka leo Jumapili ni ipi, hii tuliyoanza au ile nyingine? Semina ya nini? Kuna mchango? Wape dakika kumi, wawili wawili, waliandike upya. Mwisho linatakiwa litoke kama hivi:

"Akina mama: semina ya kutengeneza sabuni ya maji, Jumamosi tarehe 14 Machi, saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana, ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Hakuna kiingilio. Njoo na daftari. Mwenye swali amuone mama mwenyekiti mlangoni baada ya ibada."

Linaanza na wanaohusika ili wasiohusika wapumzike na wanaohusika watege sikio. Siku inaenda pamoja na tarehe, siku zote. Saa inaandikwa kwa maneno yake, saa 3 asubuhi, msichanganye karatasi moja ina "saa 3" na bango la WhatsApp limeandikwa "9:00 AM" na lingine "3:00" tupu, hapo lazima kuna mtu atakuja mchana. Na mwisho kuna mtu wa kuulizwa, mtu mmoja anayejulikana, siyo "uongozi".

Sasa idadi. Maoni yangu, matangazo ya mdomo yasizidi matano. Mengine yabandikwe na yaende kwenye grupu. Najua hapa ndo kuna vita, kila kikundi kinaona kisipotajwa madhabahuni kimedharauliwa, na kuna wale wanaopenyeza vikaratasi kwa msomaji wakati wa sadaka. Wekeni siku ya mwisho ya kupokea matangazo, Alhamisi saa 10 jioni ni nzuri, na mchungaji mwenyewe alitangaze hilo mara moja kwa mdomo wake ili katibu akikataa kikaratasi cha Jumapili asionekane ana roho mbaya. Msiba peke yake ndo unaruka foleni.

Matangazo ya ndoa yana heshima yake, kwetu sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla na ndo maana makanisa mengi yanatangaza Jumapili tatu. Msomaji ayapitie majina kabla, na asiyelijua jina la Kihaya au la Kinyakyusa amuulize mwenye nalo, siyo alivunje vunje mbele ya wazazi waliosafiri kutoka mkoani.

Kusoma na maiki

Zoezi: kila mtu apande mbele asome lile tangazo alilolirekebisha, mmoja akae benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, mwingine akae chini ya feni. Hao wawili hawana karatasi. Msomaji akimaliza wao ndo wanarudia walichosikia, wakikosea tarehe anasoma tena. Hamna haja ya kumwambia "umesoma haraka", atajionea mwenyewe.

Maiki iwe mbele ya mdomo kwa umbali wa ngumi moja, ukigeuza kichwa kuangalia upande wa wanaume maiki ifuate. Usikumbatie kile kichwa cha wavu kwa kiganja kama wasanii, ukikiziba ndo spika zinaanza kupiga mluzi, na usipite mbele ya spika maiki ikiwa imewashwa. Kupuliza na kugonga gonga ni kuharibu tu, kama unataka kujua imewaka sema "Bwana asifiwe", ukiitikiwa imewaka. Betri za maiki zisizo na waya wekeni mpya kabla ya ibada ya kwanza, msisubiri zife katikati ya mahubiri halafu mzee anakimbia na boksi.

Na ukimaliza tangazo nyamaza kidogo kabla ya lingine. Kuna wasomaji wanaunganisha tangazo la kipaimara na la mazoezi ya kwaya unadhani ni kitu kimoja.

Getini na ofisini

Hapa fanyeni igizo. Watu wazima mwanzoni wanaona aibu ila wakishaanza hawataki kuacha. Mmoja awe katibu muhtasi, mmoja awe mama aliyefiwa. Wape kwanza walicheze kama inavyotokea kwenye ofisi nyingi: katibu yuko kwenye simu, anaonyesha kiti kwa kidole, halafu swali la kwanza ni "kadi yake ya zaka unayo?"

Najua makanisa yana taratibu kuhusu maziko na ushiriki, sibishani nazo. Ila hilo siyo swali la kwanza kwa mtu ambaye baba yake kafariki jana usiku, na nimeona watu wakihama kanisa kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Waache walicheze tena hivi:

"Shikamoo mama, karibu. Kaa kwanza."
"Marahaba mwanangu. Nimetoka Mbagala, baba yetu ametutoka usiku."
"Pole sana mama. Poleni sana. Jina lake nani? Alikuwa anasali jumuiya gani?"

Anaandika huku akimsikiliza, anapiga simu kwa mchungaji mama akiwa amekaa palepale, na kabla hajaondoka anamwambia neno la uhakika: "Mchungaji atakupigia kabla ya saa 8 mchana, asipokupigia nipigie mimi, namba yangu hii hapa." Mtu aliyefiwa hakumbuki maelezo marefu, anakumbuka saa na namba. Taratibu za kadi kiongozi wa jumuiya atazifuatilia baadaye bila kelele.

Mlinzi naye apate zamu yake. Afundishwe vitu vichache tu, ofisi inafunguliwa saa ngapi, mchungaji anaonana na watu siku zipi, na mgeni asiyejua kitu anapelekwa kwa nani. Mlinzi anayejibu "hawapo" halafu anageuka kusikiliza redio anakufukuzia watu kila siku. Simu ya ofisini nayo hivyo hivyo, anayepokea ataje jina la kanisa na jina lake, na kama hajui jibu aseme "sijui, nakuulizia, nakupigia leo jioni", kisha apige kweli.

WhatsApp, msiba, na meseji za kawaida

Kanisa liwe na grupu moja la matangazo ambalo maadmini tu ndo wanaposti, halafu maongezi yaende kwenye magrupu ya jumuiya. Grupu moja linachukua mpaka watu 1,024 kwa hiyo usharika mkubwa mtahitaji zaidi ya moja. Kuna wanaotumia orodha ya kutuma kwa wengi kwa mkupuo, ile inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyesevu namba yako kwenye simu yake, ndo maana unatuma watu wanasema hawajapata. Maadmini wawe watatu na mmoja wao awe mtu mzima mwenye uamuzi, siyo vijana watupu.

Mstari wa kwanza wa posti ubebe habari yenyewe, kwa sababu kwenye simu iliyofungwa unaonekana huo tu. Ukianza na "Shalom wapendwa katika Bwana, ni matumaini yangu mu wazima" mtu kashaona salamu kapita. Salamu iwe fupi, habari ifuate palepale. Voisi ya dakika nane hakuna anayeimaliza, na wazee wengi wanatumia bando la kubana.

Kuna wazee hawana simu janja kabisa, hao mnawatumia meseji za kawaida. Meseji moja inabeba herufi 160 pamoja na nafasi, lakini ukiweka emoji hata moja tu inashuka mpaka 70, kwa hiyo kale kamkono ka maombi unakokabandika mwisho kanafanya ujumbe mmoja uhesabiwe kama miwili au mitatu na kanisa linalipia yote. Fanyeni zoezi la kulibana lile tangazo la sabuni liingie kwenye 160. Linaingia, mkitoa ile daftari, mama mwenyekiti na "mpaka saa 7 mchana", mkaweka namba ya simu.

Msiba sasa. Kanuni moja tu na isivunjwe: hakuna kuposti mpaka familia iseme tangaza. Mtoto wa marehemu anayesoma Dodoma asije akajua mama yake kafariki kupitia grupu la kwaya. Kiongozi wa jumuiya aulize familia vitu vitatu, nani msemaji wa familia, msiba uko wapi, na je kila wa karibu kashaambiwa. Picha za hospitalini hapana, hata kama mmetumiwa na ndugu. Na usitaje ugonjwa.

Kwenye maombi ya wagonjwa watu wanajisahau sana. "Tumuombee dada fulani wa jumuiya fulani, kapimwa kakutwa na..." imeshaenda kwa watu mia nne na skrini shoti zimeshapigwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, na zote zinazihesabu habari za afya na za imani ya mtu kama taarifa nyeti. Lakini hata bila sheria, muulize mwenyewe kwanza. Andika "tumuombee dada yetu aliyelazwa", Mungu anamjua ni yupi.

Namba za michango

Kila anayeshika simu ya kanisa alielewe hili. Tangazo la mchango liwe na namba pamoja na jina linalotokea kwenye simu kabla mtu hajaweka namba ya siri: "ukipiga itatokea jina hili, isipotokea jina hili usitume." Nchi hii kila mtu kashapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na matapeli wanajua kuchukua bango la kanisa wakabadilisha tarakimu kisha wakalirusha kwenye magrupu. Namba ikibadilika kweli, itangazwe ibadani kwa mdomo na mhasibu au mzee anayejulikana, isianzie WhatsApp. Na namba iwe ya kanisa, siyo simu binafsi ya mtu hata awe mwaminifu vipi.

Picha, laivu na waandishi

Haya ni mafupi. Picha za watoto zinahitaji ruhusa ya mzazi, fomu ya kuandikisha Sunday school iwe na kisanduku cha kutiki ndiyo au hapana, na mwalimu ajue ni watoto gani hawapigwi picha. Msipige picha yatima au mjane anapokea kiroba cha unga uso ukiwa wazi, piga mikono, piga viroba vilivyopangwa, inatosha kuonyesha wafadhili. Mtu akiwa analia mbele wakati wa maombezi kamera iondoke kwake, irudi kwa kwaya.

Laivu kwa simu kwenye YouTube inahitaji chaneli iwe na wafuatiliaji 50 kwanza na kibali kinaweza kuchukua mpaka saa 24, kwa hiyo msianze kuhangaika Jumapili saa 2 asubuhi. Sauti itoeni kwenye miksa, msitegemee maiki ya simu iliyosimama katikati ya kanisa, mtu aliyeko Muscat au Minnesota anavumilia picha mbaya ila sauti mbaya anazima.

Mwandishi wa habari akipiga simu ofisini kukiwa na mgogoro au ajali, anayepokea hatoi maoni na wala hakati simu. Anasema: "Nimekusikia, naomba jina lako na unachotaka kujua, msemaji wetu atakupigia leo kabla ya saa 10." Msemaji ni mmoja, anajulikana kabla ya tatizo kutokea, na watu wote semina nzima waifanyie mazoezi sentensi hiyo, kuanzia mlinzi.

Baada ya semina

Msimalize na risala. Kila mtu aondoke na kazi moja iliyoandikwa yenye tarehe, kwa mfano katibu ataandika upya kibao cha saa za ofisi, mzee wa zamu atatoa matangazo yote yaliyopitwa na wakati ubaoni, kiongozi wa jumuiya atampigia mgonjwa mmoja kabla hajaandika jina lake popote. Wawekeni wawili wawili wakumbushane. Baada ya mwezi rudi pale kwa wauza machungwa uulize watu kumi tena maswali yaleyale, majibu yapelekwe kwenye kikao cha wazee.

Na vyeti, maana wataulizia tu. Chapisheni, watu wanavipenda na hakuna ubaya, ila vikae kwenye droo ya katibu, atakayekamilisha kazi yake ndani ya mwezi ndo aitwe mbele ibadani akabidhiwe. Wasiokamilisha wasitajwe.